Mtihani wa Taifa na Kazi ya Mwalimu Darasani

Kila mwaka, ufikapo mwezi wa Septemba, wanafunzi wa darasa la saba katika mkoa wa Singida, kama wenzao wa Tanzania Bara nzima, huketi kwa siku mbili mbele ya karatasi za Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi. Tangu mwaka 2012 sehemu kubwa ya kazi yao imekuwa kuchagua herufi ya jibu na kuiwekea kivuli kwa penseli ya HB, ili fomu isomwe na mashine. Siku hizo mbili ni fupi, lakini hutanguliwa na miezi mingi. Alizeti ikishavunwa, shule nyingi za vijijini, kuanzia Iramba na Mkalama hadi Ikungi na Manyoni, huweka kambi za kitaaluma: watoto hulala shuleni, wazazi huchanga mahindi na maharagwe, na walimu hurudia maswali ya mitihani iliyopita usiku na mchana. Kuna mtihani wa majaribio wa kata, wa wilaya na wa mkoa, na ile inayoitwa ya ujirani mwema. Masomo mapya hayafundishwi tena.

Makala haya yanachunguza jinsi chombo kilichoundwa kwa ajili ya kupima mafunzo kinavyoweza kuyabadili mafunzo yenyewe. Jambo hili si la Tanzania peke yake, wala si geni. Hata hivyo lina kanuni zake, na kanuni hizo zaweza kuelezwa kwa hesabu nyepesi ambayo mwanafunzi wa sekondari aweza kuifuata.

Chimbuko la mitihani yetu

Hadi miaka ya 1960 wanafunzi wa sekondari nchini walifanya mitihani iliyotungwa na kusahihishwa chini ya Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Mwaka 1967 liliundwa Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki kwa ajili ya Kenya, Uganda na Tanzania. Tanzania ilijitoa katika baraza hilo mwaka 1971, na Baraza la Mitihani la Tanzania likaanzishwa kwa Sheria Na. 21 ya mwaka 1973.

Kujitoa huko hakukuwa suala la bendera tu. Katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, la Machi 1967, Mwalimu Julius Nyerere alikuwa amekwisha kuilaumu mitihani kwa kupima uwezo wa mtu kukumbuka mambo na kuyatoa kwa wakati uliowekwa, huku ikiacha kupima uwezo wa kufikiri, moyo wa kufanya kazi na tabia ya kushirikiana. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilifuata njia hiyo, na kuanzia mwaka 1976 maendeleo ya mwanafunzi ya kila siku, pamoja na kazi na mwenendo wake, yakapewa nusu ya alama zote katika elimu ya sekondari.

Nia ilikuwa njema. Utekelezaji ulikuwa na shida ambayo kila mwalimu aliyekuwa kazini wakati huo ataikumbuka: alama za shuleni zilikuwa juu, za mtihani wa mwisho zilikuwa chini. Mwalimu aliyeombwa kumpima mwanafunzi wake mwenyewe, akijua kuwa jirani yake anawapa wake alama 80, hakuona sababu ya kumwadhibu wake kwa kumpa 45. Baadaye uzito wa alama za shuleni ulipunguzwa, na mtihani wa mwisho ukarudia ufalme wake.

Bambo katika gunia

Mtihani hauwezi kuuliza kila kitu. Muhtasari wa somo la Sayansi una mada nyingi, kila mada ina stadi kadhaa, nao mtihani una maswali yasiyofika mia moja. Kwa hiyo mtihani ni sampuli.

Mnunuzi wa mtama au alizeti naye hafungui gunia zima akakagua punje moja moja. Huchoma bambo, akatoa kiganja cha nafaka, akaamua. Uamuzi wake ni sahihi kwa sharti moja: kwamba kilichotoka kwenye bambo kinafanana na kilichobaki gunini. Sasa tuseme muuzaji amegundua kuwa mnunuzi huchoma bambo upande ule ule siku zote. Atajaza upande huo nafaka safi, na pembe nyingine ataziachia makapi. Bambo halijaharibika, na kiganja cha nafaka ni kizuri kweli. Lakini hakisemi tena lolote kuhusu gunia.

Hivyo ndivyo unavyokuwa mtihani ambao maswali yake hujirudia kwa sura ile ile mwaka baada ya mwaka. Shule hujifunza bambo linapochoma. Mada zinazoulizwa hupata saa nyingi, zisizoulizwa huachwa, na stadi zisizoweza kuulizwa kwa maswali ya kuchagua, kama kuandika insha, kuzungumza, kupima, kuchora na kubuni, hufifia kabisa. Alama zaweza kupanda miaka mitano mfululizo bila ya elimu kupanda. Mwanasaikolojia wa Marekani, Donald Campbell, aliliweka jambo hili katika kanuni mwaka 1976: kadiri kipimo kimoja kinavyotumiwa zaidi kufanyia maamuzi ya kijamii, ndivyo kinavyozidi kukaribisha hila, na ndivyo kinavyozidi kuipotosha kazi kilichokusudiwa kuipima.

Ndoo ya maji ya Singidani

Tuchukue mada ya kutenganisha michanganyiko. Mtihani waweza kuuliza: njia ipi hutumika kupata chumvi kutoka katika maji ya chumvi? Majibu: uchujaji, uvukizaji, ukenekaji, uchekechaji, upepetaji. Mwanafunzi aliyekariri ataweka kivuli kwenye uvukizaji. Kumkaririsha kunachukua dakika tano, na ukimrudishia swali hilo mara tatu katika kambi hatalisahau hadi Septemba ipite.

Mjini Singida, hata hivyo, yako maziwa mawili yenye maji ya chumvichumvi, Singidani na Kindai. Mwalimu aweza kuwatuma wanafunzi wachote ndoo moja. Kwanza watayachuja maji hayo kwa kitambaa: tope litabaki, lakini ukali wa chumvi hautaondoka. Kwa nini? Hapo darasa linaanza kufikiri juu ya kile kinachoyeyuka na kisichoyeyuka. Kisha watapima lita moja kwa chombo, wayachemshe katika sufuria hadi yakauke, na kuona ukoko mweupe uliosalia. Wakiwa na mizani watapata uzito wake, na kutoka hapo watajua ziwa linabeba gramu ngapi katika kila lita. Wakichukua maji ya Septemba, baada ya miezi mikavu, na kuyalinganisha na ya Aprili, watakuwa wamegundua wenyewe uhusiano kati ya mvua, jua na ukali wa maji. Wengine watauliza kama ukoko ule ni chumvi ya mezani, na mwalimu atawazuia wasiuonje na kuwaeleza kuwa ni mchanganyiko wa chumvi za aina kadhaa, ikiwamo ya jamii ya magadi.

Somo hilo huchukua vipindi viwili, pengine vitatu. Katika mtihani linaleta alama moja, ile ile ambayo mkaririshaji ameipata kwa dakika tano. Mwalimu anayeifuata ndoo si kwamba anafundisha vibaya. Ni kwamba kipimo hakimwoni. Na iwapo mratibu wa elimu kata atamwuliza mbona shule yake imekuwa ya mwisho, hataweza kumwonyesha ukoko wa chumvi.

Kubahatisha kunafika wapi?

Mwaka 2012 mtihani wa darasa la saba ulikuwa na masomo matano, na kila somo lilikuwa na alama 50, jumla 250. Alama 100 zilihesabiwa kuwa mpaka wa kufaulu. Tuchukulie kwamba maswali yote 250 ni ya kuchagua jibu moja kati ya matano, na mwanafunzi hajui kusoma hata neno moja. Akiweka kivuli ovyo, atarajie kupata theluthi, robo, au kiasi gani?

Nafasi ya kupatia swali moja ni 1 kati ya 5. Kwa maswali 250 wastani wake ni 50. Hesabu ya mtawanyiko hutoa kipeuo cha pili cha 250 mara 1/5 mara 4/5, yaani yapata 6.3. Maana yake ni kuwa katika wabahatishaji 100, wapatao 95 watapata kati ya alama 37 na 63. Kufikia 100 kwa bahati tupu ni jambo lisilotarajiwa kutokea hata kama watoto wote wa Tanzania wangebahatisha kila mwaka kwa karne nyingi. (Darasa laweza kulijaribu hili bila fomula: kila mwanafunzi aandike herufi 50 ovyo, mwalimu asome majibu aliyoyaficha, na alama zichorwe katika grafu.)

Hesabu hii ina maana yake katika historia ya karibuni. Mwaka 2012 serikali ilitangaza kwamba wanafunzi zaidi ya 5,000 walioingia kidato cha kwanza mwaka huo walionekana kutojua kusoma na kuandika. Wengi walilaumu maswali ya kuchagua. Maswali hayo yana lawama yake, lakini bahati peke yake haitoshi kulieleza jambo hilo, ila pale ambapo watoto walichukuliwa kwa alama za chini mno ili kujaza nafasi. Lazima kuna waliopewa majibu. Na kweli, katika mtihani wa mwaka 2011, Baraza la Mitihani lilikuwa limefuta matokeo ya watahiniwa zaidi ya 9,000 kwa sababu ya udanganyifu. Mtoto aliyefaulishwa namna hiyo hakupata faida. Aliingizwa katika darasa linalofundishwa kwa Kiingereza, ilhali hata Kiswahili hakisomi, na huenda nyumbani azungumza Kinyaturu au Kinyiramba. Na katika kijiji kama Munguli, Mkalama, Kihadzabe.

Rangi za kijani, njano na nyekundu

Kuanzia mwaka 2013, chini ya mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, shule ziliorodheshwa kwa ufaulu wao na kupewa rangi: kijani, njano, nyekundu. Ufaulu wa darasa la saba, uliokuwa asilimia 31 mwaka 2012, ulifika asilimia 51 mwaka 2013, 57 mwaka 2014 na 68 mwaka 2015. Kwa macho ya haraka huu ni ushindi.

Watafiti Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin waliyachambua matokeo ya shule za nchi nzima, na utafiti wao ukachapishwa mwaka 2021. Waliona kwamba shule zilizokuwa mkiani katika orodha ya wilaya zao kweli ziliongeza ufaulu. Lakini waliona pia kwamba shule hizo zilipunguza idadi ya wanafunzi waliofika kwenye chumba cha mtihani. Kwa maneno mengine, sehemu ya tiba ilikuwa kumwondoa mgonjwa wodini. Asilimia ni sehemu yenye namba ya juu na ya chini. Anayetaka ikue aweza kuongeza ya juu kwa kufundisha, au kupunguza ya chini kwa kuwazuia wasiojiweza. Karatasi ya matokeo haionyeshi ni lipi lililofanyika. Mtoto aliyezuiwa au aliyeshauriwa abaki nyumbani kuchunga hayumo katika hesabu yoyote.

Historia ya nchi nyingine ingeweza kutuonya. Mwaka 1862 serikali ya Uingereza, kwa mpango wa Robert Lowe, ilianza kuzipa shule ruzuku kulingana na watoto waliofaulu mbele ya mkaguzi katika kusoma, kuandika na kuhesabu. Matthew Arnold, mshairi aliyekuwa pia mkaguzi wa shule, alilalamika kwa miaka mingi kwamba ufundishaji umekuwa wa kimashine. Mpango huo uliachwa katika miaka ya 1890.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba kumtuza mwalimu kwa matokeo hakufai kamwe. Jaribio la KiuFunza, lililofanywa na Twaweza katika shule 350 za wilaya 10 za Tanzania mwaka 2013 na 2014, lilizigawa shule kwa kura. Baadhi zilipewa fedha za matumizi, shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi. Baadhi ziliahidiwa motisha, shilingi 5,000 kwa mwalimu kwa kila mtoto atakayefaulu somo. Nyingine zilipata vyote viwili. Fedha za matumizi peke yake hazikuinua alama. Motisha peke yake ilitoa matokeo yasiyo thabiti. Vilipounganishwa, watoto walijifunza zaidi, kwa kiwango kilichoshinda jumla ya viwili hivyo vikiwa mbalimbali. Mwalimu mwenye ari na asiye na vitabu amefungwa mkono mmoja, na shule yenye vitabu na isiyo na ari imefungwa mwingine.

Karatasi zile zile, matokeo mawili

Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yalitikisa taifa: watahiniwa zaidi ya 240,000, kati ya kama 397,000, walipata daraja la sifuri. Serikali iliunda tume. Ilielezwa kwamba mwaka huo ulikuwa umetumika utaratibu mpya wa madaraja, ambapo mipaka ya alama ilikuwa imefungwa, badala ya ule uliozoeleka wa kurekebisha mipaka. Mwezi Mei matokeo yakapangwa upya kwa utaratibu wa zamani, na ufaulu ukapanda kutoka kama asilimia 34 hadi kama asilimia 43.

Kwa mwanafunzi wa sayansi, hili ni somo zito. Majibu yaliyoandikwa hayakubadilika hata herufi moja. Kipimajoto kikisema 38 leo asubuhi, hakiwezi kusema 36 jioni kwa joto lile lile kwa sababu kamati imekaa. Daraja la mtihani si joto. Ni mpaka unaochorwa na watu juu ya alama, na mpaka huo huamua nani aendelee na nani arudi nyumbani.

Novemba 2012, akiwa ziarani Singida, Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila shule ya sekondari ya kata iwe na maabara tatu, za fizikia, kemia na baiolojia, katika muda wa miaka miwili. Kabla ya hapo, kwa miaka mingi, shule zisizo na maabara zilikuwa zikifanya karatasi mbadala: mwanafunzi aliulizwa kuhusu majaribio ambayo hakuyafanya, kama mtu anayetahiniwa kuogelea kwa maandishi. Vyumba vilijengwa kwa michango ya wananchi na nguvu zao, na agizo hilo lina sifa yake. Lakini hata ndani ya maabara kivuli cha mtihani kipo. Kwa kuwa shule hupewa mapema maelekezo ya vifaa na kemikali za kuandaa, mwalimu mzoefu hubuni jaribio litakalokuja, na wanafunzi hurudia kusoma bureti na pipeti, au kuhesabu mizunguko ya pendulamu, wiki za mwisho tu. Vifaa vinarudi kabatini hadi mwaka ujao. Hiyo nayo ni pembe iliyojazwa nafaka safi.

Mabadiliko ya karibuni

Oktoba 2018 Baraza la Mitihani lilifuta matokeo ya darasa la saba ya shule zote za wilaya ya Chemba, katika mkoa jirani wa Dodoma, pamoja na ya shule kadhaa kwingineko, baada ya mtihani kuvuja, watoto wakaurudia. Januari 2023 Baraza liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora, kwa hoja kwamba shule hazifanyi kazi katika mazingira yaliyo sawa. Aidha Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imeweka elimu ya msingi ya miaka sita ndani ya elimu ya lazima ya miaka kumi, na mitaala mipya imeanza kutumika Januari 2024. Iwapo kila mtoto anapaswa kuendelea hadi kidato cha nne, basi mtihani wa mwisho wa shule ya msingi hauna tena kazi ya kuchuja, na waweza kurudishiwa kazi ya kuonyesha nini kimeeleweka na nini hakijaeleweka. Ila tabia za shule hubadilika polepole kuliko sera.

Kuyapima maswali yenyewe

Wakati huo huo mwalimu yumo darasani na mitihani yake ya muhula. Iko njia rahisi ya kujua kama maswali yake yanapima anachodhani yanapima. Katika darasa la wanafunzi 45, apange karatasi kwa jumla ya alama. Achukue 15 za juu na 15 za chini, aziache 15 za kati. Kwa kila swali ahesabu waliopatia katika kila kundi, atoe idadi ya chini kutoka ya juu, agawanye kwa 15.

Tuseme swali la kwanza limepatiwa na 13 wa juu na 5 wa chini. Tofauti ni 8, na 8 kwa 15 ni yapata 0.53: swali hili linawatofautisha waliofahamu na wasiofahamu. Swali la pili limepatiwa na 15 na 14. Tofauti yake ni karibu sifuri, kwa hiyo ni rahisi mno kuweza kutofautisha, ingawa laweza kubakizwa kama ni jambo ambalo kila mmoja lazima alijue. Swali la tatu limepatiwa na 6 wa juu na 9 wa chini. Jibu ni 0.2 chini ya sifuri, nayo ni ishara ya hatari: ama mwalimu ameandika jibu lisilo sahihi katika mwongozo wake, ama kuna majibu mawili yanayofaa, ama wanafunzi wazuri wameona jambo ambalo mtungaji hakuliona.

Kabla ya kulifuta swali la namna hiyo, awaite wale tisa wa kundi la juu waliolikosa na kuwauliza walichagua nini, na kwa nini. Ikiwa swali lilikuwa lile la chumvi, na darasa limekwisha kufika ziwani, huenda wakamjibu kwamba kuchuja nako kulihitajika, maana maji ya Singidani yalikuwa na tope.